Barafu Kwenye Bomba la Gesi

Mji wa Bunia uko karibu na ikweta, mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi haugandishi maji ya ndoo. Kwa hiyo bomba la gesi la tanuri la mkate likivaa barafu mchana, watu hushtuka, na wapo wanaokimbilia kulipasha kwa mkaa, Mungu apishe mbali. Fundi hodari hagusi kitu. Anatazama kwanza barafu imeanzia wapi.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Barafu ikiuzunguka mtungi na kukomea katikati, imekwisha kumwonyesha kimo cha gesi iliyobaki. Gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na ili iwe mvuke hunyonya joto la chuma na la hewa ya nje. Tanuri likivuta kwa kasi kuliko joto linavyoingia, mtungi hupoa, unyevu unaugandia, shinikizo linashuka, moto unafifia. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani huzembea ikikaribia sifuri. Mwenye tanuri anasema gesi imeisha. Fundi anausukuma mtungi kidogo na kusikia kimiminika kikicheza ndani. Anaunga mtungi wa pili ili mitungi igawane mzigo, anaiachia nafasi hewa ipite kati yake, basi. Wengi hunung'unika kumlipa mtu ambaye hakubadilisha kifaa. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya kulipiwa vizuri.

Barafu kwenye rigyuleta peke yake ni habari nyingine. Gesi inayotoka shinikizo kubwa kwenda dogo hupoa, kama wanafizikia Joule na Thomson walivyoonyesha mwaka 1852. Ikiwa na maji, maji hayo huganda kwenye kitundu chembamba, na moto unazima na kurudi. Kitambaa cha maji ya vuguvugu huzibua kwa muda tu; dawa ni kuyatoa maji yenyewe.

Barafu ikivuka rigyuleta na kufuata mpira, hakuna mjadala: kimiminika kinapita. Huenda mtungi umelazwa, au umejazwa kupita kiasi. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa takriban lita 250 za mvuke. Fundi hufunga vali kwanza, maelezo baadaye, kisha hupaka povu la sabuni kila kiungo, hata vile vilivyo vikavu.