Mgeni Asiyepewa Jembe

Msomaji mpenzi, kumbuka insha ya safari uliyoiandika mara ya mwisho. Bila shaka basi liliondoka alfajiri, njia ilipendeza, chakula kilikuwa kitamu, na jioni mlirejea mmechoka lakini mmejaa furaha. Huenda siku ile mlipanda ukingo wa Manga, ambako jicho hufika hadi Ziwa Victoria anga likiwa safi; kumbe ukungu ulitanda, msione ziwa wala bonde. Walakini ukungu ule haukuingia katika insha yako, kwa kuwa tumezoeshwa kwamba safari sharti isifiwe. Leo nataka kukujulisha kwa mwandishi aliyeikataa desturi hiyo, tuipime kazi yake pamoja.

Mwandishi huyo ni David Foster Wallace wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1962 na kufariki 2008. Mwezi wa Machi 1995 jarida la Harper's lilimpeleka, peke yake, katika meli ya starehe izungukayo bahari ya Karibi kwa siku saba. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya namna hiyo. Masimulizi yake yalichapwa 1996, na mwaka uliofuata yakaingia katika kitabu chake cha insha kiitwacho A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again. Jina hilo lasema kwamba jambo lile hudaiwa kuwa la furaha, naye hatalirudia tena.

Ni nini kilichomvunja moyo? Hakukosa chakula, kwani meza zilijaa. Hakukosa usafi, kila alipotoka chumbani kwa zaidi ya nusu saa alirudi akakuta kimekwisha safishwa, asijue mtumishi alijuaje kwamba ametoka. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wallace alikuwa mgeni wa siku saba aliyenyimwa jembe. Alipojichukulia begi lake mwenyewe, mchukuzi Mlebanoni alikaripiwa na wakubwa wake kwa kumwacha abiria abebe mzigo. Tena kutumikiwa hakukumshibisha. Alipoiona meli nyingine ya starehe kando ya yake, ikimeta weupe kuliko yake, aliingiwa na husuda. Hapa ndipo insha inapofika mbali: yaonyesha kwamba tamaa ikilishwa bila kazi huongezeka, na kwamba raha ya mmoja ni jasho la mwingine aliyeamriwa kutabasamu.

Jambo la pili lenye thamani ni mahali anapoikosoa makala ya mwandishi mwenzake mashuhuri, iliyotiwa katika kijitabu cha matangazo cha wenye meli. Ilikuwa na sura ya insha, kumbe ililipiwa na wale wale waliosifiwa. Wallace alimpigia simu mwenzake, naye akakiri. Utasema, je, Wallace naye hakulipwa? Alilipwa, lakini aliyemlipa hakuwa yule anayepimwa. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, kubwa kwa ukweli.

Walakini mhakiki mwema haifichi kasoro. Insha hii ni ndefu mno, na tanbihi zake nyingi humkatiza msomaji kama miiba njiani. Kasoro kubwa ni nyingine. Meli ilipotia nanga, Wallace alikaa zaidi melini, akiona haya kuwa mmoja wa wageni wale, akawatazama wenzake kutoka juu. Haya hiyo ni ya kiungwana, lakini ilimnyima nusu ya habari. Sisi wa Kenya tunazijua meli kama hizo kutoka upande wa gati. Hufika Kilindini, Mombasa. Wageni hushuka, wengine hupelekwa Tsavo kutazama tembo, kisha hurejea melini na kuondoka. Auzaye vinyago karibu na bandari ana mengi ya kusema juu ya wageni hao. Katika insha ya Wallace mtu wa namna hiyo hana sauti. Aliyesikitika kwa kutumikiwa alipaswa kushuka, asalimu, aulize.

Nakusihi usome insha hii kwa heshima na kwa uangalifu, uchukue ushujaa wake na kuziacha kasoro zake. Utakapoambiwa tena kuandika juu ya safari, kama ziwa halikuonekana, andika kwamba halikuonekana. Kisha mtazame dereva aliyeamka kabla yenu, na mama aliyewapikia viazi, uwape nafasi katika karatasi yako. Huenda mwalimu akashangaa kukosa furaha ya mwisho aliyoizoea. Lakini atajua kwamba wewe ulifika Manga kweli.