DESTINY-Lung02: dozi kubwa ilitupa nini hasa?

Tuseme una dawa mbili za saratani ya mapafu. Ya kwanza, saratani ilisinyaa kwa asilimia 56 ya wagonjwa. Ya pili, asilimia 49. Utachagua ipi? Wengi tungerukia 56. Sasa ngoja kwanza: ni dawa ileile, kilichotofautiana ni dozi tu.

Dawa yenyewe ni trastuzumab deruxtecan, kingamwili iliyobebeshwa sumu. Kingamwili inaishika protini ya HER2 juu ya seli, inamezwa ndani, halafu sumu inafunguliwa. Kila kingamwili hubeba molekuli kama 8 za sumu hiyo. Wazo ni zuri sana, ila si mzigo wote unaofika ulikotumwa. Kwa baadhi ya wagonjwa tishu za mapafu huvimba, na kumbuka hawa ni watu ambao mapafu yao tayari yana saratani.

Jaribio lililotangulia, DESTINY-Lung01, liliwapa wagonjwa 91 wenye mabadiliko kwenye jeni la HER2 miligramu 6.4 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3. Asilimia 26 mapafu yalivimba. Wawili wakafariki kwa sababu hiyo. Ndipo Lung02, iliyochapishwa 2023, ikauliza: kwani 5.4 haitoshi? Wagonjwa 102 walipangiwa 5.4 na 50 wakapangiwa 6.4 kwa bahati nasibu, na mgonjwa hakujua amepewa dozi ipi, daktari naye vilevile. Hapo nawapa heko.

Kwenye 5.4, mapafu yalivimba kwa watu 13 kati ya 101 waliopata dawa. Kwenye 6.4, watu 14 kati ya 50. Yaani kundi lililo nusu ya lenzake ndilo lililotoa wagonjwa wengi zaidi!

Anayeipenda dozi kubwa atakwambia kwamba visa vikali vilikuwa sawa, asilimia 2 kila upande. Ni kweli. Lakini utaratibu wa dawa hii ni mkali: mapafu yakivimba hadi mgonjwa aanze kuonyesha dalili, hata kikohozi tu, dawa inakatishwa moja kwa moja, hata kama saratani ilikuwa inarudi nyuma. Kwa hiyo kisa "kidogo" kinaweza kumnyang'anya mgonjwa dawa iliyokuwa inamsaidia.

Na zile 49 na 56? Kitakwimu, ya kwanza inaweza kuwa popote kati ya 39 na 59, ya pili kati ya 41 na 70. Zinaingiliana mno. Mimi ningechagua 5.4, na ndiyo dozi ambayo FDA ya Marekani iliidhinisha Agosti 2022.

Lakini nina malalamiko. Jaribio halikuundwa kuzipambanisha dozi hizi mbili kitakwimu, wakati swali zima lilikuwa dozi! Halafu kwa nini mbili tu, tena zimekaribiana hivi? Jaribio la kwanza kabisa la dawa hii kwa binadamu lilipanda kutoka 0.8 hadi 8.0. Na leo mgonjwa akishindwa kuhimili 5.4, daktari humshushia hadi 4.4, kisha 3.2. Dozi hizo zinatumika wodini, lakini ndani ya Lung02 hakuna hata moja iliyopewa kundi lake.