Kabla ya Kufungua Kizibo cha Birika

Kosa katika kusafisha birika la kunyweshea ng'ombe mara nyingi haliko ndani ya birika. Liko nje, hatua tatu kutoka kwenye kizibo. Mfugaji anafungua, maji yanatoka, anasugua, anajaza upya, na birika linang'aa. Lakini yale aliyoyamwaga yako wapi? Kwa mtu wa Katindiuka, pale Ifakara, swali hili ni zito. Bonde la Kilombero ni tambarare, lina mafuriko ya kila mwaka, na tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Maji ukiyamwaga hapa bila kuyapa njia, yanatuama.

Tupige hesabu. Birika la urefu wa mita 4, upana sentimita 60 na kina sentimita 50 hubeba lita 1,200, sawa na ndoo kubwa 60. Ng'ombe mkubwa wakati wa joto hunywa kati ya lita 30 na 50 kwa siku. Kwa hiyo kundi la ng'ombe 30 linaweza kulimaliza birika hilo kwa siku moja. Funga koki ya kuingizia maji alfajiri, waache wanywe, na jioni utabakiwa na ndoo chache za tope za kutoa. Njia hii ni ya birika linalosafishwa kila wiki. Maji yakishanuka au kugeuka kijani, usimnyweshe mnyama yeyote.

Kila wiki, nasema, kwa sababu katika joto la bondeni yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne. Na usitosheke na kukausha. Mayai ya Aedes, mbu wa homa ya dengi, hunata kwenye kuta na huvumilia ukavu kwa miezi. Yanahitaji brashi ngumu, hasa kwenye mstari ambapo maji hukomea. Utelezi wa kijani na konokono waliojishika pembeni waondoke kwa brashi hiyohiyo. Wako konokono wanaobeba minyoo ya ini ya ng'ombe. Sabuni ya nini? Maji safi yanatosha.

Sasa njia ya maji. Kitako cha birika kiwe na mwinamo wa sentimita 1 hivi kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea, na bomba lake lisipungue inchi 2, maana jembamba huziba kwa tope. Wengi hupendekeza shimo la mawe la kufyonza maji. Kwenye kichanga ni sawa. Kwenye udongo wa mfinyanzi, wakati wa masika maji ya ardhini yakiwa juu, shimo hilo halifyonzi kitu. Linageuka bwawa jipya. Mimi naona heri mfereji unaokwenda kwenye migomba au bustani.

Kisha zunguka birika uangalie nyayo. Kila kwato kwenye tope huacha kikombe cha maji kilichopigwa na jua, na Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu wa malaria bondeni, hupenda vidimbwi vidogo vya namna hiyo. Sakafu ya zege au mawe yaliyoshindiliwa, upana wa mita 2 kuzunguka birika, huondoa vikombe hivyo, na boya zima kwenye koki ya kuingizia maji huzuia birika lisifurike.

Hata hivyo tusilibebeshe birika lawama yote. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, waliochapisha kazi yao 2020, walimkuta Anopheles funestus, msambazaji mkuu wa malaria hapa, kwenye vidimbwi vya chemchemi, mabwawa yasiyokauka upesi na vijito vinavyotiririka polepole. Huyo hamalizwi kwa brashi. Lakini dimbwi la uani kwako limetokana na mkono wako, na mkono wako unaweza kuliondoa.

Ndugu mfugaji, chimba mfereji kwanza, kiangazi hiki, kabla ardhi haijalowa.