Simu ya Video na Podikasti: Jinsi Madarasa ya Mbali Yanavyounganishwa

Kuunganisha madarasa mawili yaliyo mbali kuna njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni simu ya video, ambayo hutaka watu wote wawepo saa ileile. Ya pili ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa, kuhaririwa na kutumwa, yaani podikasti, nacho hakijali saa. Shule za kati za Marekani, zenye wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8, zimejaribu njia zote mbili kwa miaka mingi. Jambo linalojitokeza katika kazi yao ni kwamba simu huwasha hamu na podikasti huifanyia hamu hiyo kazi. Darasa linalotumia moja tu hupoteza nusu ya faida.

Jaribio lenyewe ni la zamani kuliko intaneti ya leo. Mwaka 1988 shule 12 za jimbo la New York na 12 za Moscow ziliunganishwa katika mradi uliokuja kuzaa mtandao wa iEARN. Wanafunzi waliandikiana kwa barua pepe, na picha zikapita kwenye laini ya simu moja moja, zikiwa zimesimama. Skype ilianza mwaka 2003, na mwaka 2011 ikafungua huduma maalumu ya walimu ya kutafutana. Neno podikasti lilichapishwa kwa mara ya kwanza na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian mwaka 2004. Mwaka uliofuata, watoto wa shule ya msingi ya Willowdale huko Omaha, Nebraska, walikuwa tayari na kipindi chao, Radio WillowWeb.

Namna ya simu iliyopendwa kuliko zote ni mchezo wa kubahatisha uitwao Mystery Skype. Madarasa mawili hupigiana bila kujua kila moja liko wapi, kisha hubadilishana maswali ya ndiyo au siyo mpaka moja litaje mahali pa mwenzake. Unaonekana mchezo mwepesi, lakini ndani yake mna hesabu. Swali zuri ni lile linaloigawa ramani katikati. Anayeuliza "Je, mko mashariki ya Mto Mississippi?" hufuta sehemu kubwa ya nchi kwa pumzi moja, anayeuliza "Je, mko Texas?" hufuta jimbo moja tu akikosea. Majimbo 50 humalizwa kwa maswali 6 yakigawanywa vizuri, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 6 huzaa 64. Nchi zote za dunia, zinazokaribia 200, huhitaji 8.

Mafanikio ya simu hiyo hutegemea mgawanyo wa kazi kuliko kamera. Darasa la watoto 30 mbele ya kompyuta moja ni vurugu. Ndiyo maana walimu waliozoea huwapa wanafunzi majukumu siku moja kabla: wawili wa kusalimu, watatu wa kuuliza, kikundi cha ramani na atlasi, wa kuandika kila jibu ubaoni, wa kupiga picha, na mmoja au wawili wa kukimbiza vikaratasi kutoka kwa wasoma ramani hadi kwa waulizaji. Huyu mkimbiza vikaratasi ni muhimu kuliko anavyoonekana. Bila yeye maswali huja ya kubahatisha, kwa sababu aliyekaa mbele ya kamera haioni ramani.

Chumbani, adui wa kwanza ni mwangwi. Sauti ya darasa la pili hutoka kwenye spika, huingia tena kwenye maikrofoni na kurudi ilikotoka. Programu za simu hujitahidi kuifuta, lakini chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu huzishinda. Tiba ni kuzima maikrofoni wakati upande wa pili unaposema, na kumleta kila muulizaji karibu na kompyuta badala ya kumwacha apige kelele kutoka nyuma. Adui wa pili ni ucheleweshaji. Sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, mazungumzo huenda bila watu kuhisi chochote. Ikizidi sana hapo, watoto wawili huanza kusema pamoja, wote hunyamaza, kisha wote huanza tena. Desturi ndogo hutosha kuliondoa tatizo hilo: kila msemaji humaliza kwa neno moja walilokubaliana, au huinua mkono kuonyesha kwamba amemaliza.

Gharama ya intaneti nayo yafaa kupigiwa hesabu kabla ya kuahidi watoto. Simu ya video inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde kwa kila upande hula, katika dakika 40, megabaiti 150 za kutuma na 150 za kupokea. Kipindi cha sauti cha dakika 8, kikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde na kwa njia moja ya sauti, hakifiki megabaiti 4. Kwa shule inayonunua bando, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mradi utaendelea mwezi wa pili. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mwalimu Koen Timmers wa Ubelgiji aliandaa masomo ambayo walimu wa nchi nyingi walifundisha kwa Skype. Kompyuta na umeme wa jua vilibidi vitangulie, somo likafuata.

Halafu kuna saa. Afrika Mashariki haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, huku nchi za Ulaya zikingoja Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nairobi huitangulia New York kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi. Kipindi cha kwanza cha New York, saa 2 asubuhi, huangukia saa 10 jioni Nairobi mwezi wa Januari, watoto wakiwa wanafungasha mabegi. Kwa California hakuna nafasi kabisa: saa 2 asubuhi yao ni saa 1 usiku ya Nairobi. Hatari nyingine ni ya Waswahili wenyewe. Mwalimu akiandika "saa 3" na mwenzake akasoma kwa hesabu ya Kizungu, mmoja atakaa mbele ya kioo kitupu. Miadi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, pamoja na jina la mji.

Pale ratiba inaposhindikana, podikasti hushika kazi. Rekodi nzuri hupatikana hata kwa simu ya mkononi, alimradi mahali pamechaguliwa vyema. Feni ya dari, mvua kwenye bati na kengele ya shule havifutiki kirahisi baadaye. Chumba chenye mapazia, nguo au rafu za vitabu hunyonya mwangwi, na shubiri moja kati ya mdomo na maikrofoni hutosha. Maikrofoni ikae kidogo pembeni ili pumzi isiipige. Programu ya bure ya Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, hukata na kupanga sauti hata kwenye kompyuta kuukuu.

Kinachoharibu vipindi vingi vya wanafunzi ni kusoma. Mtoto akipewa karatasi yenye sentensi kamili, sauti yake hubadilika mara moja ikawa ya mtu anayesomea mtihani. Akipewa vidokezo vitano na rafiki wa kumhoji, hueleza kama anavyoeleza akiwa njiani kurudi nyumbani. Uhariri ndio huleta umbo: dakika 30 za mazungumzo hupunguzwa hadi 6, na uamuzi wa kuacha hiki na kukata kile huwafunza watoto utungaji kwa namna ambayo insha haiwezi kuwafunza kwa urahisi.

Njia hizi mbili hukutana kwa ufundi mmoja ambao watangazaji wa redio wameutumia kwa muda mrefu. Madarasa huzungumza kwa simu kama kawaida, lakini kila upande hurekodi sauti yake yenyewe hapohapo chumbani, kwa simu iliyowekwa mezani. Sauti iliyopita kwenye mtandao, yenye kukatika na mikwaruzo, hutumika kwa kusikilizana tu. Baada ya mazungumzo, pande mbili hutumiana mafaili na kuyapanga pamoja katika programu ya kuhariri. Kofi moja linalopigwa na kila upande mwanzoni kwa kuhesabu mpaka tatu huacha alama ndefu kwenye mchoro wa sauti, na alama hizo mbili hulinganishwa. Kwa sababu ya ucheleweshaji hazikai sawa kabisa. Sikio humalizia marekebisho. Msikilizaji wa kipindi hicho hudhani watoto wale walikaa meza moja.

Sheria huingia mapema, kwa kuwa umri wa shule ya kati umekaa juu ya mpaka wenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni huwahusu walio chini ya miaka 13, hivyo katika darasa moja kuna wanaolindwa nayo na wasiolindwa. Kenya, kwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi. Kanuni ya busara ni kuwatendea wote kama wadogo: jina la kwanza pekee, hakuna jina la mtaa, ridhaa ya maandishi kabla ya kurekodi, na faili kutumwa moja kwa moja kwa darasa rafiki badala ya kuwekwa hadharani.

Sauti bila sura ina ukarimu wake. Shirika la redio la NPR lilipoanzisha shindano la podikasti za wanafunzi mwaka 2019, ushindi wa shule za kati ulikwenda kwa wasichana wa Bronx, New York, waliozungumzia hedhi na aibu inayoizunguka. Mbele ya kamera na darasa zima la wageni, mazungumzo hayo yangekuwa magumu mno kwa umri ule.

Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, na madarasa yaliyoitegemea yakahamia programu nyingine bila kubadilisha majukumu wala maswali. Mafaili ya sauti hayakuguswa. Shule zenye utaratibu huhifadhi nakala mbili za rekodi ghafi mahali tofauti, pamoja na karatasi za ridhaa, tarehe, na jina la darasa lililokuwa upande wa pili.