Ujasiri katika Wasifu wa Siti binti Saad

Wasifu wa Siti binti Saad, uliotungwa na marehemu Shaaban Robert, ulitolewa kwanza mwaka 1958 ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tangu hapo umechapwa tena zaidi ya mara moja, na wasomaji wengi wameuhesabu kuwa kitabu cha ujasiri: mwanamke wa shamba, maskini, asiyejaliwa sura wala nasaba, akapanda mpaka akawa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa pwani ya Afrika Mashariki katika zama zake. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Ninalotaka kuuliza ni kwamba ujasiri huo ulikuwa wa namna gani, na uliukabili ukuta upi; maana nguvu ya apandaye haipimiki mpaka ukuta wenyewe upimwe kwanza.

Jina la aina hii ya utungo lenyewe lina mtego. Wasifu na sifa ni maneno ya shina moja katika Kiarabu, na mtunzi aandikaye wasifu ameshika kalamu ya kusifu hata kabla hajaandika neno. Marehemu alikuwa na kipaji kikubwa katika kazi hiyo. Hupenda kulichukua tukio la mtu mmoja na kulikuza likawa somo la watu wote. Sentensi zake hupanda kutoka kwenye habari kwenda kwenye hekima, na mara nyingi hekima hiyo ni nzuri. Lakini penye maumivu makali msomaji hutamani mtunzi akae chini kidogo, aitazame habari yenyewe kabla ya kuipa mabawa.

Basi na tuitazame. Siti alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mama yake wa asili ya Kizigua, na mtoto alipewa jina la Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Yaani binti huyu alikwisha kuwa kijana kabla ya kadhi na liwali kuacha kuutambua utumwa. Na tena sheria ya 1897 iliutoa utumwa mahakamani tu. Haikuweza kuutoa vinywani. Kiswahili chetu kilibaki na ngazi zake: mwungwana juu, mtumwa chini, na mshenzi nje ya nyumba kabisa. Hata neno ungwana, ambalo leo twalitumia kwa maana ya adabu, lilikuwa kwanza neno la uzawa. Aliyezaliwa chini alihesabiwa kuwa hana adabu kabla hajafungua kinywa. Huo ndio ukuta, nao ulijengwa kwa maneno.

Mtumwa binti Saad alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Karibu mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya mjini siku hizo ilikuwa na heshima ya kasri. Ilikuwa imeletwa kutoka Misri katika enzi ya Seyyid Barghash, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliimba Kiarabu. Mwanamke wa shamba kuingia humo, akajifunza, akaimba mbele ya mabwana kwa Kiarabu chao, kisha akaifanya taarabu iseme Kiswahili kila mtu akaielewa, ni jambo kubwa. Watu wakamwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Kutoka Mtumwa mpaka Siti: hakuna mtunzi wa hadithi ambaye angethubutu kubuni majina yaliyopangika hivyo. Lakini tukumbuke kwamba jina la pili nalo alipewa na watu. Waliomtukuza na waliomdharau walitumia kamusi ile ile.

Ujasiri wake mwenyewe, kwa maoni yangu, waonekana mahali pengine, katika kisa cha wimbo wa kashfa. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumwuliza amekuwa mtu tangu lini, wakamkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini, wakasema kama si sauti asingekuwa na riziki. Kisa hiki ni maarufu, na wengi hukitaja kwa kufurahia jibu lake. Mimi nataka kulitazama umbo la jibu hilo. Mtu aliyetukanwa asili yake ana njia mbili zilizo nyepesi: kukana, au kujitungia nasaba. Pwani yetu imejaa nasaba zilizotungwa baada ya mali kupatikana. Siti hakukana wala hakutunga. Hakudai kuwa mzuri wa sura, hakudai kuwa na babu aliyevuka bahari. Aliukubali ushahidi wote wa washitaki wake, akaikataa hukumu: alijibu kwamba sura na nasaba havimfai mtu ikiwa kichwani hamna kitu. Wahenga husema jasiri haachi asili, na kwa kawaida methali hiyo hutumika kwa mtu asiyeacha tabia yake. Hapa yafaa kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi: hakuiacha asili yake pale ambapo kuiacha kungemletea nafuu.

Hata hivyo jibu hilo lina mpaka wake, na mhakiki hana budi kuuonyesha. Siti aliiondoa mizani ya uzawa akaweka mizani ya akili. Ni kama methali isemayo mwungwana ni kitendo. Mlango umepanuliwa, na walio wengi zaidi waweza kupita, lakini nyumba ni ile ile na bado wako watakaoachwa nje. Je, yule mfinyanzi mwenziwe wa Fumba ambaye hakuwa na sauti wala werevu wa kujibu, yeye alistahili kaniki yake? Wasifu hauwezi kutujibu, kwa kuwa wasifu huandikwa juu ya aliyefika. Na hapa ndipo ninapoona hatari ya kuusoma kama kitabu cha kushinda vikwazo. Mwanafunzi huondoka akidhani kwamba aliyeshindwa kupanda alikosa moyo, na ukuta husahauliwa.

Hatari hiyo hiyo yaonekana zaidi tukimtazama mmoja wa wenzi wa Siti katika muziki. Mbaruk Effandi Talsam, aliyetoka Mombasa, mpigaji na mwimbaji, alikuwa kipofu. Sarufi yetu imeliweka neno kipofu, pamoja na kiziwi, kiwete na kilema, katika ngeli ya vitu, ingawa twasema kipofu amekuja kama tusemavyo mtu amekuja. Mama yake Siti aliitwa Kijakazi, na neno hilo pia limo katika ngeli hiyo hiyo. Sitaki kuitwisha ngeli mzigo usio wake, kwa kuwa kiongozi na kijana wamo humo nao. Lakini mwenye sikio la lugha ajua kwamba akisema kipofu kimekuja amekwisha tukana, na kwamba silabi moja ndiyo imsimamishayo mtu upande wa watu.

Sasa, msomaji wa visa vya ujasiri angependa kuambiwa kwamba Mbaruk aliushinda upofu. Sivyo. Upofu hauzuii kupiga ala wala kuimba; pwani yetu siku zote imekuwa na vipofu waliohifadhi Kurani yote, na hakuna aliyewaita muujiza. Kikwazo cha kipofu hakimo machoni mwake. Kimo katika njia, katika riziki, na katika huruma ya wenye macho, ambayo mara nyingi ni dharau iliyovaa kanzu safi. Katika kundi la Siti hakupewa nafasi kwa huruma. Alipewa kwa kuwa alijua kazi. Wahenga walipotuonya kwamba hujafa hujaumbika walimkumbusha mwenye macho kwamba umbo lake halijakamilika bado. Hawakumwagiza kipofu afanye ushujaa.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Jambo hili husimuliwa kama kilele cha ushindi, na kwa upande wa biashara na sifa lilikuwa hivyo. Lakini fikiri sahani ni nini. Ni sauti isiyo na uso. Mwanamke aliyechekwa sura na kaniki aliingia nyumba za watu bila sura wala kaniki kuonekana. Hilo lilikuwa kuuzunguka ukuta, si kuubomoa. Na sioni aibu kusema hivyo, kwa kuwa mwenye akili huzunguka panapozungukika.

Alipougonga ukuta kwa ngumi ni katika wimbo wa Kijiti. Wimbo huo wasimulia mwanamke mgeni mwenye mimba aliyeuawa Unguja. Mwuaji akakimbilia bara, na lawama ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja naye. Hapa Siti hajitetei mwenyewe. Analitaja tendo, anamtaja mtu, na anaiweka hukumu ya mahakama mbele ya wasikilizaji waipime. Mtu aliyezaliwa na jina la Mtumwa, katika nchi iliyotawaliwa na sultani chini ya Waingereza, anasimama kuhukumu mahakimu. Namwona hapa mkubwa kuliko katika safari yote ya Bombay.

Shaaban Robert alilijua jambo hili vema. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, Karama anasimama mbele ya baraza lenye nguvu ya kumwua, na ujasiri wake twaupima kwa sababu mtunzi amelisimamisha baraza hilo mbele yetu tukaliogopa. Katika Wasifu alikuwa na kazi ngumu zaidi, maana adui wa Siti hakuwa na baraza wala mlango. Alikuwa mazungumzo ya barazani, kicheko cha harusini, jina la utotoni. Kuandika adui wa namna hiyo kwahitaji kuyaacha maneno yake yasikike kwa ukali wake wote. Nyimbo zimefanya hivyo kuliko nathari.

Ndiyo maana naona toleo lijalo la kitabu hiki halifai kutoka peke yake. Sahani za Siti zilizosalia, na za Mbaruk, ziandikwe maneno yake kwa uangalifu, matamshi ya Kiunguja yasisanifishwe, nyimbo za wapinzani nazo ziwekwe mahali pake, na majina ya wapigaji yatajwe pamoja na ala zao. Kazi hiyo yahitaji mtu ajuaye taarabu na mtu ajuaye lahaja, na wazee wa Ng'ambo wenye kumbukumbu za nyimbo hizo wanapungua kila mwaka.