Watu wa Tajiri

Siku hizi machungwa ya Muheza huuzwa yangali mtini, tena kwa simu. Dalali anapita shambani, anakadiria kwa macho, anapiga picha. Jioni fedha imeingia. Alfajiri ya pili Fuso linasimama na vijana wanaruka chini na matenga yao. Hao ndio watu wa tajiri. Mwenye shamba hawajui wala haoni haja ya kuwajua: tajiri kawaleta, tajiri atawalipa, na jua likizama watakuwa wameondoka na mzigo, kwenda Dar es Salaam au kuvuka Horohoro kuingia Kenya. Fedha ni fedha, sikatai. Ila kati ya kushuka kwao garini na kupanda kwao mtini palikuwa na kazi ya mtu, kazi yenye ufundi wake, nayo imeachwa hivi hivi.

Niliyemwona akiifanya ni mzee mmoja wa Kibondei, msimamizi wa shamba lisilo lake. Hakuna aliyegusa tawi kabla ya kusalimiana naye. Kila kijana alitaja jina na kwao, mzee akaandika polepole katika daftari la shule, kisha akauliza: “Ukianguka, nimpigie nani?” Vijana walicheka. Mzee alingoja kalamu mkononi mpaka kicheko kikaisha, akapewa namba. Chai ilifuata, maana aliamini kwamba mwenye njaa hapandi mti ila anaung’ang’ania.

Kisha aliwatembeza shamba zima. Hapa pana kisima cha kale, mbao zake zimeoza. Kule kuna mizinga, msipite na moshi wala makelele. Mti huu waya wa umeme umezama ndani ya majani yake, uacheni. Machungwa yake na yaozee juu. Mistari yenye vitambaa vyekundu imepigwa dawa juzi, hakuna kuingia. Dereva naye alisikia lake: gari halirudi nyuma mpaka utingo ashuke na asimame mahali anapoonekana, kwa sababu watoto huja kuokota yaliyoanguka.

Lakini nililolipenda zaidi ni panga lake. Mchungwa mzee ni mwongo: majani mabichi, matunda tele, kumbe tawi limeliwa ndani na wadudu na linangoja uzito wa mtu. Mzee aligonga kwa mgongo wa panga, akatega sikio. Tawi zima lilijibu kwa mlio mkavu, wa mkato. Lililooza lilitoa sauti ya kufifia, kana kwamba limezibwa mdomo. Hakuridhika kusikia peke yake. Alimpa panga kijana, akamwambia agonge.

“Vipi hili?”

“Zima, babu.”

“Rudia.”

Kijana aligonga tena, safari hii kichwa kakiinamisha, na uso wake ukabadilika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Tawi lile lilikatwa papo hapo, na machungwa yake yakahesabiwa pembeni ili tajiri asije akadai. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Tajiri alipiga simu, akapiga tena. Mzee aliizima.

Kulikuwa pia na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Mgeni hutaka kuwachoma kwa sababu wanauma vibaya, na mtu akiumwa shingoni huachia tawi kwa mikono yote miwili. Mzee hakukubali wachomwe. Alionyesha miti yao, na kazi ya kuichuma akawapa waliowazoea, wenye nguo za mikono mirefu na kingoe. Aliwaona kuwa walinzi wake dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda. Hakujua kwamba katika miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way aliwachunguza maji moto haohao katika minazi ya Unguja na kuona wanavyoilinda dhidi ya kunguni anayeharibu nazi changa. Wapiga dawa wa kukodi, wenye bomba mgongoni na malipo ya kwa mti, walikuwa adui yake kuliko mdudu yeyote. Aliwasimamia kutwa, na mwisho wa kazi aliwazuia kuosha bomba mtoni. Maji ya Zigi, aliwaambia, yananywewa mjini Tanga.

Tanga yetu inaijua sana habari ya watu wa mbali kuletwa kazini. Mashamba ya mkonge yalijaa manamba, na kipande, kadi yao ya kazi, kilisema yote ambayo bwana shamba alitaka kuyajua juu yao. Mzee alikulia kandokando ya mashamba hayo. Sikumuuliza, lakini nadhani daftari lake lilitoka huko. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 184 juu ya usalama katika kilimo, unaotaka waajiri wanaokutana katika shamba moja washirikiane kuwalinda wafanyakazi. Ni jambo jema. Sijamwona bado aliyeuchukua mkataba huo akaingia nao mchungwani saa kumi na mbili asubuhi.

Aliyeshika nafasi ya mzee ni kijana msomi, mpole, wala si mvivu. Daftari analo, la matenga na fedha. Watu wa tajiri wakishuka anawapungia mkono kutoka barazani, nao wanajitawanya kila mtu na mti wake. Amechapisha pia karatasi ambayo dalali hutia saini: mwenye shamba hatahusika na ajali yoyote itakayowapata wachumaji. Alinionyesha kwa fahari kidogo, kama hatua ya maendeleo. Nilimuuliza kama tawi likivunjika litakuwa la nani. Akasema la shamba, bila shaka, na gharama yake imo katika kifungu cha nne.