Mizani ya Kumpima Fundi wa Mafaili

Katika kazi zote za ukarabati zifanywazo mijini mwetu leo, sidhani kuna inayopimwa kwa mizani mbovu kuliko ile ya kutengeneza kompyuta ya nyumbani inayoharibu mafaili mara kwa mara; kwa maana mteja, ambaye haoni kinachotendeka ndani ya sanduku, humsifu fundi kwa wepesi wa mkono wake, na fundi, akijua kwamba wepesi ndio unaolipwa, hufungua, hupiga Windows upya, hufunga, na kupokea ujira wake kabla ya adhuhuri. Mwezi haujaandama, picha za arusi zimekuwa kijivu nusu yake, hesabu za duka zimekataa kufunguka, na lawama zote zimetwikwa virusi, ambavyo aghalabu havikuwamo.

Dalili ya kwanza ya ustadi husikika kabla ya bisibisi kuguswa, nayo ni maswali. Faili lililoharibika mara moja huenda ni ajali: umeme ulikatika, au flashi ilichomolewa kabla ya wakati wake. Lakini uharibifu unaorudi una sababu inayoendelea kuishi ndani ya mashine, na fundi wa kweli huiwinda sababu hiyo kwa kuuliza kama yaliyoharibika ni mafaili ya zamani ambayo hayajaguswa tangu yahifadhiwe au ni mapya tu. Kama madhara hutokea wakati wa kunakili, wakati wa kufungua mafaili yaliyobanwa, au baada ya umeme kurudi. Na kama mashine huganda au hujizima yenyewe. Anajua kwamba maji ya mvua huweza kudondoka kitandani ilhali bati lililotoboka liko juu ya mlango. Asiyeuliza lolote mteue kwa kazi nyingine.

Dalili ya pili ni staha yake kwa amana ya watu. Ataomba nakala ya akiba, na ikiwa haipo, ataitengeneza kwanza, kabla ya kujaribu tiba yoyote. Hapa ndipo wengi wenye sifa kubwa huanguka, kwani hukimbilia programu ya chkdsk, wakidhani kazi yake ni kuokoa mafaili, ilhali kazi yake ni kuupatanisha mpangilio wa diski hata ikibidi kukata vipande visivyopatana na kuvitupia katika folda iitwayo FOUND.000, visivyo na jina wala ukoo. Juu ya diski inayokufa, amri hiyo huweza kumaliza kile kilichosalia. Fundi mwenye maarifa hutumia chombo kama ddrescue, ambacho huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika kumbukumbu ya zilizokataa, kisha huzirudia taratibu. Na matengenezo yote huyafanya juu ya nakala.

Sasa nifike kwenye kiini cha weledi wenyewe, ambacho huwatenga mabingwa na wanagenzi. Diski inayochakaa, kwa kaida, hukataa. Kumbukumbu mbovu husema uongo. Kila kipande cha diski huandikwa pamoja na tarakimu za ziada za kusahihishia makosa, hata kisiposomeka sawasawa diski hurudia na kurudia, ikichelewa, pengine ikigonga, na mwishowe hukiri kwamba imeshindwa. Lakini kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, katika kompyuta nyingi za nyumbani haina mlinzi wa namna hiyo, ingawa elimu yake imekuwapo tangu Richard Hamming wa Bell Telephone Laboratories alipoichapisha mwaka 1950, na seva za mashirika huitumia. Basi tarakimu moja ikigeuka ndani ya ramu, hupelekwa kwenye diski kama ilivyogeuka, na diski, kwa uaminifu wake wote, hulihifadhi kosa hilo barabara. Mwenye kuona faili linafunguka bila malalamiko ilhali yaliyomo yamepotoka, asiishuku diski peke yake.

Kuna jaribio moja ambalo, nikiliona likifanywa, hunitosha kumheshimu anayelifanya. Huchukua faili kubwa na kulikokotolea hesabu ya uhakiki ya SHA-256 mara mbili bila kuliandika upya. Hesabu zikitofautiana, kosa haliko katika kilichohifadhiwa, bali katika njia ya kusomea, na ramu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikilingana, ilhali si sawa na za faili la asili, basi kosa liliingia wakati wa kuandika. Mjuzi zaidi huchagua faili linaloizidi ramu kwa ukubwa, au huizima mashine kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, kwa sababu asipofanya hivyo usomaji wa pili hutoka ndani ya ramu yenyewe, na ithibati inakuwa ya bure.

Kuhusu ripoti ya SMART, ambayo diski hujiandikia habari za afya yake, tazama fundi anavyoisoma. Asiyejua huridhika na neno moja la kijani liandikwalo juu. Mjuzi hushuka hadi mstari wa 5, unaohesabu sekta zilizohamishwa. Wa 197, wa sekta zinazongoja hukumu. Na wa 199, wa makosa ya njiani, ambao aghalabu huushtaki waya wa data wala si diski. Tena anajua kwamba hesabu ya 199 hairudi nyuma hata waya ukibadilishwa, hivyo huiandika, hubadilisha waya, huifanyisha mashine kazi nzito, na kuangalia kama imepanda. Wala haifanyi ripoti hiyo kuwa hati ya usalama: mwaka 2007 Eduardo Pinheiro na wenzake wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya zilizoharibika hazikuwa na hesabu yoyote katika zile dalili nne za SMART zilizoonekana kubashiri uharibifu kwa nguvu zaidi.

Ramu hupimwa usiku kucha. Programu ya MemTest86, iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, huzunguka mzunguko baada ya mzunguko, na kosa moja tu latosha kuihukumu mashine, kwa kuwa kumbukumbu haina kiwango cha uongo kinachosameheka. Lakini hukumu si lazima iangukie kipande cha ramu: fundi makini hupima kimoja kimoja, hubadilisha matundu, hurudisha mwendo wa ramu katika kiwango cha kawaida endapo uliongezwa, na hapa pwani, penye unyevu na chumvi, husafisha kwanza meno yanayogusana na ubao mkuu. Nimewahi kuona kifutio cha penseli kikitumika kwa kazi hiyo. Hufaa, ila mimi napendelea spiriti safi, isiyokwangua.

Ya umeme ni mafupi. Mfumo wa NTFS, ambao Windows hupangia mafaili, huweka shajara ya mpangilio wake, si ya yaliyomo ndani ya mafaili, ndiyo sababu baada ya umeme kukatika folda huwa salama na faili lililokuwa wazi likawa limejaa sifuri. Hapo dawa ni UPS, na kupiga Windows upya hakuna maana. Ama flashi zinazojitangaza kuwa na ukubwa ambao hazina, hizo hazitengenezwi, hutupwa.

Mwishowe dai ithibati. Usikubali neno "imepona". Dai uonyeshwe mafaili makubwa yamenakiliwa na hesabu zake zimelingana, baada ya mashine kufanya kazi hadi ikapata joto. Na fundi akikaa na kompyuta yako siku tatu, kisha akakueleza kwamba alichobadilisha ni waya mmoja wa data, akakuonyesha hesabu kabla na baada, mlipe ujira wake kamili, wala usimwombe apunguze kwa kuwa waya ni wa bei ndogo.